Mgongo Unapomrudisha Mgonjwa wa Moyo Wodini

Mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Miguu imenywea, usiku analala bila kukohoa, na mfuko wake una dawa za mwezi mzima. Wiki chache baadaye anarudi amevimba mpaka magotini, hamalizi sentensi bila kuvuta pumzi. Anaulizwa kama aliacha dawa. Anaapa hakuacha, na vidonge vikihesabiwa vinamthibitisha. Anaulizwa chumvi, na mke wake anajibu kwamba mboga siku hizi hazina hata ladha. Kisichoulizwa ni mgongo.

Kwetu sisi tunaotibu na kuchunguza ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi hapa Uganda, njia hii ya kurudi wodini si ngeni tena. Inaanzia shambani, kwenye pikipiki au kwenye gunia lililoinuliwa sokoni, inapita duka la dawa la jirani, inaishia kitandani na mashine ya oksijeni. Kazi ya kliniki na ya utafiti imetufikisha kwenye msimamo mmoja: maumivu ya mgongo ya mgonjwa wa moyo ni sehemu ya matibabu ya moyo wake. Ukimkataza diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu ya dukani, halafu ukamwacha na maumivu yake, ataenda kuinunua, na safari hii hatakwambia.

Kwanza tuelewe hawa ni watu gani. Utafiti wa THESUS-HF uliwafuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo, kati ya 2007 na 2010. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu. Kwetu ongeza vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa hiyo si wazee waliokwisha kustaafu. Ni watu wanaolima, wanaobeba jerikeni, wanaoendesha boda boda, wanaopakua malori Busia na Malaba. Mgongo ungewauma hata kama moyo ungekuwa mzima. Ugonjwa nao huzidisha: wiki za kulala wodini hupunguza misuli ya kiuno, kulala umeegemea rundo la mito hupinda uti wa mgongo usiku kucha, na kikohozi cha maji ya mapafuni huubana kila kinapokuja.

Sasa diklofenaki. Kwa mgonjwa wa moyo, damu inayofika kwenye figo ni kidogo. Figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huiacha wazi mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio vyake. Diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo, mwili mzima, bila kuchagua mgongo na figo. Mishipa ya kuingiza damu hubana. Chumvi na maji hubaki mwilini. Lasix, yaani furosemidi, inayotegemea figo hiyo ili mgonjwa akojoe, hupoteza nguvu. Enalaprili, dawa ya moyo na shinikizo la damu, nayo hulegeza mishipa inayotoa damu kwenye kichujio, jambo ambalo ni jema siku za kawaida, lakini mlango wa kuingilia ukiwa umebanwa na wa kutokea umelegezwa, shinikizo ndani ya kichujio huporomoka. Ndiyo sababu vitu vitatu hivi pamoja, diklofenaki, enalaprili na furosemidi, vinaweza kuiangusha figo ndani ya siku chache. Kama mgonjwa anatumia pia spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo, potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, hupanda, na potasiamu ikipanda sana moyo huenda mrama au husimama ghafla.

Ushahidi wa hili ni mzito. Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliochapishwa 2013 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kwamba dawa za kundi hili, ibuprofeni na naprokseni zikiwemo, kwa dozi kubwa huongeza karibu mara mbili uwezekano wa kulazwa kwa ajili ya moyo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2016 jarida la BMJ lilitoa matokeo ya watumiaji wapatao milioni 10 katika nchi nne za Ulaya: aliyekuwa akizitumia wakati huo alikuwa na hatari ya kulazwa iliyozidi kwa asilimia 19 ile ya mtu aliyekwisha kuziacha. Na tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya imeelekeza kwamba diklofenaki isipewe kabisa mtu mwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, hata dalili zake zikiwa ndogo.

Wengi hukosea kwenye muda. Wanasubiri uvimbe. Uvimbe wa miguu huonekana baada ya lita kadhaa za maji kujikusanya, ilhali mizani husema mapema zaidi. Mgonjwa ajipime kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, akiwa na nguo zilezile, aandike. Kilo zikiongezeka zaidi ya mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unono, na siku hiyo ndiyo ya kupiga simu au kufika kliniki. Asiye na mizani nyumbani aulize kituo cha afya kilicho karibu au timu ya afya ya kijiji. Kupima mara tatu kwa wiki kwenye mizani ileile kuna faida kuliko kupima kila siku kwenye mizani tofauti.

Kuna kosa la pili linalofanywa hata na sisi wa hospitalini: mgonjwa akija amevimba, furosemidi inaongezwa maradufu, kipimo cha damu kikionyesha kreatinini, taka ambayo figo iliyolemewa hushindwa kuitoa, imepanda, enalaprili inasimamishwa. Diklofenaki haijatajwa, inaendelea. Mgonjwa ameondolewa dawa inayomrefushia maisha na kuachiwa inayomdhuru. Kabla ya kugusa dawa za moyo kwa sababu ya figo, uliza maumivu. Na kumbuka kwamba kreatinini kupanda kidogo baada ya kuanza enalaprili ni kawaida: ongezeko lisilofika nusu ya kiwango cha mwanzo, mgonjwa akiwa hana shida nyingine, halitoshi kuifanya isimamishwe.

Hapo tunafika kwenye swali lenyewe, na hapa ndipo utafiti wa jambo hili hufaulu au hushindwa. Ukiuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unayotumia?" atajibu hapana. Hadanganyi. Dawa kwake ni zile za moyo alizoandikiwa. Za mgongo ni kitu cha kununua tu, kama sabuni. Uliza hivi: "Mzee, mgongo ukikushika usiku unafanyaje?" Kisha nyamaza. Utasikia diklo, utasikia sindano ya mgongo, utasikia mchanganyiko aliofungiwa kwenye karatasi na musawo, yaani mhudumu, wa duka, vidonge vitatu vya rangi tofauti visivyo na jina. Kwa kina mama wengi jibu huanza na mafuta ya kuchua na kuishia na sindano. Mwambie aje na kila alichonacho nyumbani, pakiti tupu pia, na umwage mfuko mezani. Kwa utafiti, albamu ya picha za vidonge na pakiti zinazouzwa katika eneo husika huleta majibu ambayo dodoso lenye majina ya kitaalamu halileti.

Soma maandishi madogo ya pakiti. Madukani kuna vidonge vinavyouzwa kama vya misuli ambavyo ndani vimechanganya parasetamoli, klorzoksazoni ya kulegeza misuli, na diklofenaki au aseklofenaki. Mgonjwa anakwambia kwa moyo mweupe kwamba anatumia panado kali. Piroksikamu, meloksikamu, indometasini na ketoprofeni ni ndugu wa kundi hilo hilo. Sindano mara nyingi huwa na diklofenaki ya miligramu 75, na pengine huongezwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi: maumivu yanapoa usiku huohuo, chumvi na maji yanabaki. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya vali ya chuma au mapigo yasiyo na mpangilio ana hatari mbili, kwani sindano ya msuli yenyewe inaweza kumvujisha damu ndani ya paja au tako. Aspirini ndogo ya miligramu 75 aliyoandikiwa na daktari wa moyo ni habari nyingine. Asiiache kwa kusikia maneno haya.

Kwa mtafiti kuna mtego wa kuangalia. Mtu mwenye moyo unaoanza kulemewa huhisi uzito ubavuni na mgongoni kwa sababu ini limejaa damu, na miguu iliyovimba humuuma. Ananunua diklofenaki kwa ajili ya hayo maumivu. Ukiandika tu kwamba alitumia dawa kisha akalazwa, utailaumu dawa kwa uvimbe uliokuwepo kabla yake. Andika tarehe tatu kwa kila mgonjwa: maumivu yalianza lini, kidonge cha kwanza kilimezwa lini, pumzi au uvimbe ulianza lini. Tarehe zikipotea, zifungamanishe na siku ya soko, Ijumaa, Idd, mazishi au kufunguliwa kwa shule; watu hukumbuka hivyo. Na kabla ya kuanza kukusanya chochote, pata kibali cha kamati ya maadili ya taasisi, halafu usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Kama unajaribu dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa pia. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ambayo mgonjwa hugombania nyumbani kwake, si ile anayoielewa nusunusu.

Je, afanyeje mwenye maumivu? Hatua ya kwanza ni kuhakikisha mgongo haufichi jambo kubwa. Kwetu Uganda orodha hiyo ina uzito wake. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huuma kwa wiki na miezi, hasa usiku, pamoja na jasho na kukonda, na ukigonga mfupa mmoja mgonjwa anashtuka. Kwa mgonjwa wa moyo kukonda hakuonekani kwenye mizani kwa sababu maji yanajaza pengo la nyama iliyopotea. Tazama mashavu na mikono ya juu. Bruselosi inayotokana na maziwa mabichi huleta homa ya kupanda na kushuka, na maumivu ya viungo na kiuno. Kwa mzee wa kiume fikiria saratani ya tezi dume. Ganzi sehemu za siri, mkojo kukwama au miguu kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo. Maumivu ya ghafla kama ya kupasuliwa, katikati ya mabega, kwa mtu mwenye shinikizo la juu, yanaweza kuwa mshipa mkuu wa damu unachanika. Huyo hachuliwi, anakimbizwa hospitali.

Jambo moja zaidi nataka nilikazie kwa sababu hupita bila kuonekana. Mgonjwa mwenye vali mbovu akipata homa pamoja na maumivu ya mgongo, fikiria kwamba vijidudu vimekaa kwenye vali. Achukuliwe damu ya kuoteshwa maabara, mara tatu kutoka sehemu tofauti, kabla ya kupewa antibiotiki yoyote. Akishapewa vidonge vya antibiotiki dukani, maabara mara nyingi haioti kitu, na wiki za matibabu zinakuwa za kubahatisha. Kuchanjwa mgongoni kwa wembe na kupakwa dawa ya kienyeji ni mlango mmojawapo wa vijidudu hivyo.

Wengi hawana hata kimoja kati ya hayo; wana mgongo wa kawaida, unaouma sana lakini hauui. Picha ya eksirei huwasaidia mara chache. Itaonyesha pingili zilizochakaa, na karibu kila mtu wa umri huo anazo, anayeumwa na asiyeumwa. Mgonjwa akisomewa kwamba pingili zimekwisha, huacha kutembea, na kuacha kutembea ndiko kunakoumiza mgongo na moyo.

Kuhusu dawa, tuseme ukweli wote. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa moyo na figo, lakini jaribio la PACE la Australia, lililochapishwa 2014 na kuhusisha watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, lilionyesha kwamba haiharakishi kupona: siku 17 kwa walioitumia, 16 kwa waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Bado wengine huitumia ili walale, na hilo halina ubaya: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi mara tatu kwa siku, na mara mbili kwa aliye chini ya kilo 50 au mwenye ini lililojaa. Iwe ya kumeza na maji. Ile inayochemka kwenye glasi ina karibu gramu 0.4 za sodiamu, ile ya kwenye chumvi, kwa kidonge, na vidonge sita vinafuta jitihada zote za jikoni. Tramadoli na jamaa zake hazijastahili sifa zilizopewa: jaribio la OPAL la 2023 lilikuta oksikodoni, mmoja wa jamaa hao, haishindi kidonge kitupu kwa maumivu mapya ya kiuno na shingo. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, huvimbisha miguu na kuongeza maji kwa wagonjwa wa moyo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingiza mwilini sehemu ndogo, kama asilimia 6 ya kidonge, kwa hiyo daktari anaweza kuiruhusu kwa siku chache na eneo dogo, mizani ikiangaliwa.

Kinachobaki, na ndicho tunachokiamini zaidi, ni mwendo na kupanga kazi upya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiunoni. Kwa mgonjwa wa moyo aliyetulia, anza na dakika tano hadi kumi za kutembea tambarare, mara mbili kwa siku, ukiongeza dakika chache kila wiki. Usitumie mapigo kama kipimo, kwa sababu karvedilo, dawa nyingine ya moyo, huyashusha; tumia mazungumzo. Akiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni sawa. Akikatika katikati, apunguze. Mazoezi ya kiuno yanayofundishwa kwa kulala chali hayamfai anayekosa pumzi akilala. Afanye akiwa ameegemea ukuta, magoti yamekunjwa kidogo, abane tumbo na kuusukuma mgongo wa chini ukutani, ahesabu hadi tano kwa sauti. Kuhesabu kwa sauti kuna sababu: kunamzuia kubana pumzi, na kubana pumzi hupandisha shinikizo na kuulemea moyo.

Usiku, badala ya mito mingi chini ya kichwa, inua kiwiliwili chote kuanzia nyonga kwa godoro lililokunjwa au matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na uweke mto mmoja chini ya magoti. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20; igawanye kwenye za lita tano, moja kila mkono. Jembe lipate mpini mrefu. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni kwa dakika kumi na tano ni bure, na mikono ya mtu wa nyumbani inayokukanda vizuri hatutaidharau.

Gharama zinaumiza. Ada za wagonjwa ziliondolewa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, lakini dawa zinapokwisha mgonjwa hununua, nauli ya Kampala ni yake, vipimo vya binafsi ni vyake, na bima ya afya ya taifa bado hatunayo. Diklofenaki ipo hatua chache kutoka mlangoni. Mtaalamu wa fiziotherapia yuko hospitali ya rufaa. Fedha zikiwa chache, tungependekeza zitumike hivi: dawa za moyo zenyewe kwanza, zisikatike hata siku moja, halafu kipimo cha potasiamu na kreatinini, hasa wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuanza spironolaktoni, halafu mizani, na picha ya mgongo mwisho kabisa, kama daktari ameona dalili za hatari. Potasiamu ikizidi 5.5 mmol/L dozi ya spironolaktoni hupunguzwa nusu. Ikizidi 6 inasimamishwa. Anayetumia Septrin kila siku kwa sababu anaishi na virusi vya UKIMWI amkumbushe daktari, kwani Septrin nayo hupandisha potasiamu.

Mama aliyetoka kujifungua anahitaji jicho la pekee. Baada ya upasuaji diklofenaki hutolewa mara nyingi kwa kidonda, na mgongo ukimuuma kila mtu hulaumu sindano ya ganzi aliyochomwa uti wa mgongo. Lakini kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Mama anayeomba mto wa pili alale, anayeamka usiku kutafuta hewa dirishani, anayevimba miguu badala ya kunywea, asimamishwe diklofenaki siku hiyo na apelekwe kufanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Uchovu wa kulea hauleti kukosa pumzi ukilala.

Siku ya kumruhusu mgonjwa, tunaandika kwenye kadi yake maneno haya kwa lugha anayoisoma, na namba ya simu ya kliniki chini: "Nina ugonjwa wa moyo. Nisiuziwe wala kuchomwa diklofenaki, ibuprofeni, dawa yoyote ya kundi hilo, wala deksamethasoni." Kadi inakaa pamoja na kitambulisho, kwa sababu anayetumwa dukani usiku mara nyingi ni mtoto, naye ataonyesha kilichoandikwa hata kama hawezi kukitamka.